Njia ya Nane

Pumzi ile ilisikika mara ya kwanza dukani, mchana kweupe, feni ikizunguka juu na mama mmoja akibishania bei ya tochi kwenye kaunta ya pili. Bendi ya kijiji cha Mataliu ilikuwa imekuja mjini Vila kuchagua kinasa sauti. Leimara, mwimbaji wao, alikuwa ameimba mstari mmoja tu kwenye maiki ili wajaribu mashine, na Minh mwenye duka alipourudisha kwenye spika, watu walisikia sauti ya binti ikipanda, ikatulia juu, ikashuka, ikaisha. Kisha mtu akavuta pumzi. Haikuwa ya Leimara. Ilikuwa pumzi nzito, ndefu, ya mtu aliyejibanza mahali kwa muda mrefu.

"Nini hiyo?" akauliza Mjomba Tarip, mpiga besi.

"Feni," Minh akajibu bila kuinua macho.

"Feni ina mapafu?"

Wakacheka. Kalmet ndiye aliyecheka zaidi, kwa sababu alikwisha kuipenda mashine ile na hakutaka itiwe kasoro. Kalmet alikuwa mpiga gitaa na kiongozi wa bendi, mtu mwepesi wa akili, mzito wa masikio.

Kaunta ilikuwa na mashine mbili. Moja ndogo, ya kutosha kiganjani, yenye maiki mbili zilizochomoza kichwani kama pembe za konokono. Hiyo unaiweka katikati, watu wanasimama duara, wanaimba, inawanasa wote kwa pamoja. Ya pili ilikuwa kubwa kiasi cha Biblia ya mchungaji, nayo inabebeka begani na kutumia betri, lakini ilikuwa na njia nane. Kila njia ilikuwa na kitufe chake na taa yake nyekundu, na kila sauti ilikaa kwenye njia yake peke yake mpaka mwenyewe uamue kuzichanganya.

"Tuchukue hii ndogo," alisema Tarip. "Tunasimama, tunaimba, inasikia. Unataka nini tena?"

"Mjomba, hiyo ni ya kurekodia mahubiri. Wewe ukikosea besi, itabidi sote turudie. Na wewe unakosea sana."

"Nakosea wapi mimi?"

"Mjomba, ukianza kupiga lile sanduku lako la uzi mmoja unaloliita besi hata mbwa wanahama," Leimara akadakia.

"Nyamaza wewe! Sanduku lile ndilo lililonipatia mke."

"Ndiyo maana akarudi kwao."

Hata yule mama wa tochi alicheka. Minh akagonga kaunta kwa kalamu. "Jamani, mchagua jembe si mkulima. Nifunge ipi?"

Kalmet akaweka mkono juu ya ile kubwa. Hapo Tarip akamsogelea na kusema polepole, bila utani sasa, "Na ule wimbo wa Navau?"

Kalmet hakuuondoa mkono.

Wimbo ule Kalmet hakuutunga. Alikwenda kwenye mwamba wa Navau na mzizi wa kava, ule unaopondwa kuwa kinywaji cha kulevya, na jani analolijua yeye, akalala pale mchana kutwa, akarudi na wimbo mzima kichwani, maneno na tuni. Kaskazini mwa kisiwa cha Efate hakuna anayeshangaa jambo hilo. Nusu ya nyimbo zinazochezwa harusini zilikuja kwa njia hiyo, na wazee wa kanisa wanaozikemea Jumapili utawasikia Jumatatu wakizivumisha shambani. Lakini wimbo wa mwamba hauji peke yake, unakuja na mwenyewe. Jini aliyeutoa huimba pia. Hujificha katikati ya sauti za watu, na maadamu watu wanaimba pamoja, mdomo kwa mdomo, yeye yuko radhi na hana neno na mtu. Kinachokatazwa ni kimoja: usiuimbe peke yako. Usiuimbe ukiosha vyombo, usiuimbe ukimbembeleza mtoto. Ukiimba peke yako, mwenye wimbo hana pa kujificha ila ndani yako.

Na Leimara alikuwa ameimba mstari wa wimbo huo dukani, peke yake. Sijui aliuchagua kwa nini. Labda kwa sababu ulikuwa mtamu kuliko nyimbo zao zote.

"Mstari mmoja tu, Mjomba," akasema, na uso wake ulikuwa umepungua ucheshi.

"Sikilizeni," alisema Kalmet. "Tutaimba mmoja mmoja, sawa. Lakini mashine itatukutanisha. Wimbo ukitoka kwenye spika, tuko sote ndani yake, mdomo kwa mdomo. Mwenyewe atasikia wimbo. Atajuaje uliingiaje?"

Hoja hiyo ilikuwa nzuri, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Ingekuwa ya kijinga mtu angeipinga. Kulikuwa na tamasha la Julai, mshindi angepelekwa ng'ambo, Noumea, na waamuzi walitaka wimbo uliorekodiwa vizuri. Kwa sauti ya Leimara, bendi ya Mataliu ilikuwa na haki ya kuota.

"Kipya kinyemi, Kalmet," Tarip akasema walipotoka na mashine. "Ingawa kidonda."

Walirekodi kwenye chumba cha shule ya Jumapili, asubuhi, baada ya mvua kukatika. Madirisha waliyaziba kwa mikeka. Kalmet alikaa barazani na mashine mapajani, mgongo kwenye mlango, waya ukipita chini kuingia ndani. Mtu aliingia peke yake, akavaa hedifoni, akapiga au kuimba sehemu yake, akatoka, akaingia mwingine. Ukulele mbili, magitaa, besi ya Tarip, sauti za wanaume. Mwisho Leimara, njia ya saba. Zilitosha. Ya nane haikuwa na kazi wala haikuchomekwa waya.

Leimara aliimba ubeti wa kwanza vizuri. Katikati ya ubeti wa pili akasita, akaendelea, akasita tena. Kisha wakasikia hedifoni ikidondoka sakafuni na binti akagonga mlango kutoka ndani kwa viganja viwili.

"Nani alikuwa nyuma yangu?"

"Hakuna mtu," Kalmet alisema. "Mlango wenyewe ndio huu, nimeukalia."

"Kaka, kuna mtu alikuwa ananifuata. Nikipanda anapanda. Nikishuka anashuka. Halafu ananuka."

"Ananuka nini?"

"Jiwe," alisema kwa sauti ya chini, akijikumbatia. "Jiwe la pangoni, na maji yaliyokaa."

"Ni mikeka hiyo, imelowa."

Tarip hakuwa akimtazama binti. Alikuwa akiitazama mashine. "Kalmet," akanong'ona. "Taa ya nane."

Ilikuwa inawaka, nyekundu, imetulia. Kalmet akabonyeza kitufe, ikazima. Akasema aliigusa kwa bahati mbaya. Tarip akamwambia, "Haina hata waya," na Kalmet akasema mashine mpya zina mambo yake, kesho ataifuta njia hiyo, waende wakale.

Hakuifuta. Jioni ile alivaa hedifoni nyumbani kwake akasikiliza zile njia saba zikiwa pamoja, na wimbo ulikuwa mzuri, wa watu wa Mataliu. Kisha akafungua ya nane. Mle mlikuwa na mvumo tu wa mtu aliyefunga mdomo, chini sana, lakini ulipoingia katikati ya sauti nyingine wimbo wote ulisimama ukawa na mwili, na Kalmet alijikuta analia bila kujua analilia nini. Angeufutaje? Tamaa mbele, mauti nyuma, na bahati mbaya mauti hayakuwa nyuma yake yeye.

Siku iliyofuata Leimara aliamka koo limemkauka. Mama yake, Evelin, mjane aliyebakiwa na mtoto huyo mmoja duniani, alimpa maji ya ndimu na asali. Wakarekodi tena kipande kilichobaki, sauti ikawa inakwaruza, wakaacha. Siku ya pili yake akawa anaongea kwa shida. Ya tatu alikuwa ananong'ona, na mnong'ono wenyewe ulitoka na mluzi, na mama yake alipomkandia kifua kwa maji ya moto aliona jasho la mwanawe lina harufu asiyoijua.

"Ni mafua haya?" Evelin akamuuliza Kalmet barabarani.

"Mafua, mama. Majira yenyewe haya. Mwache apumzike, asiimbe."

"Haimbi. Lakini kila nikimwangalia anachezesha midomo."

Kalmet hakumwambia alichokuta asubuhi ile. Alikuwa amefungua njia ya saba ili aone ni wapi pa kurekebisha, na ule ubeti wa pili ambao Leimara alikatiza, ambao wote walimsikia akiukatiza kwa masikio yao wenyewe, ulikuwa umekamilika. Uliimbwa mpaka mwisho, safi, juu kuliko binti alivyowahi kufika. Na njia ya nane ilikuwa imebadilika. Ule mvumo haukuwepo tena. Sasa kulikuwa na kitu kinachokwaruza, kama mtu anayejaribu kuita akiwa amezibwa. Akaifunga haraka. Akajiambia mashine inasafisha sauti yenyewe, uchafu inauweka kando. Mtu akitaka kuamini jambo, hakosi sababu.

Jioni ya Jumamosi wanaume walikuwa nakamal, banda la wanaume, wakinywa kava. Saa hizo kijiji hunyamaza. Kava haitaki kelele wala taa, na wanywaji huinamisha vichwa wakisikiliza tumbo na majani. Giza lilikuwa linaingia. Tarip alikuwa ameshika kifuu chake cha nazi mkononi, hajanywa bado, aliposikia mtu akiimba kule shule ya Jumapili.

Ilikuwa sauti ya Leimara, na ilikuwa nzuri. Wanaume waliinua vichwa mmoja mmoja wakatabasamu gizani, mmoja akasema kwa chini, "Ashukuriwe Mungu, binti amepona," na mwingine akaitikia, na sauti ikapanda ubeti wa kwanza ikaingia wa pili, na hapo ndipo Tarip alipokiweka kifuu chake chini, kwa sababu alikuwa ametoka kwa Evelin muda huo huo kupeleka ndizi, na alimwacha Leimara amelala mkekani hana hata mnong'ono, mama yake amemshika mkono, na kutoka kwa Evelin hadi shule ya Jumapili hakuna njia ila ile inayopita mbele ya nakamal, na hakuna aliyepita.

"Msiitikie," alisema. "Jamani, msiitikie wimbo huo."

Kalmet alikuwa ameshasimama. Walikwenda wawili, yeye na Tarip, bila tochi, na kadiri walivyokaribia ile harufu iliwajia, jiwe na maji yaliyokaa, nzito mpaka wakaionja ulimini. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli ya Kalmet mwenyewe. Aliifungua. Mashine ilikuwa mezani walipoiacha, hakuna spika iliyochomekwa, hakuna hedifoni, taa mbili zinawaka, ya saba na ya nane, na sauti ya Leimara ilikuwa inatoka chumba kizima, kwenye mbao, kwenye madawati ya watoto, kwenye mikeka ya madirisha, na Kalmet akabonyeza kitufe cha kuzima haikuzima, akabonyeza tena, akageuza mashine akachomoa betri moja, mbili, zote, akazitupa sakafuni zikabingirika chini ya madawati, na taa zile mbili zikaendelea kuwaka na wimbo ukaendelea mpaka ubeti wake ukaisha kwa wakati wake, taratibu, kwa adabu, kama uimbwavyo siku zote.

Ndipo wakasikia kilio cha Evelin kutoka ng'ambo ya kijiji.

Walimkuta Leimara ameketi mkekani. Macho yalikuwa wazi. Alipumua, mapigo ya moyo yalikuwepo, ngozi ilikuwa na joto. Lakini Evelin alimpigapiga mashavu, akamwita kwa majina yote aliyowahi kumwita, na hakuna aliyegeuka ndani ya macho yale.

Kalmet akapiga magoti akasema yote. Ile pumzi ya dukani, taa, njia ya nane, ubeti uliojikamilisha. Evelin hakumtukana. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Kamlete Bi Touku. Ukirudi bila yeye usinionyeshe uso wako."

Bi Touku alikuwa kleva, mganga anayeona vilivyofichika, na siku nyingine zote alikuwa mama wa kuuza mboga sokoni Vila. Alifika Jumapili mchana, watu wakitoka kanisani, amebeba kikapu na mwavuli. Hakuwa na haraka. Alimtazama Leimara, akamnusa utosini, akaubinya mkono wake kama anayepima embe.

"Hapa kuna nyumba tu," akasema. "Mwenye nyumba hayumo. Leteni hicho chombo."

Wakaleta. Bendi yote ikaingia, wakaketi ukutani. Bi Touku akakizunguka kile chombo mara kadhaa, akatafuna jani, akakitemea pembeni.

"Nani aliwaambia mgawanye wimbo wa Navau?"

Kalmet alikuwa anatazama vidole vya miguu yake.

"Kwenye duara mwenye wimbo anajificha kati ya watu. Ninyi mmempa kila mtu chumba chake. Na yeye mkampa chumba. Sasa kamchukua jirani yake. Wako wawili humu, mtoto wetu na yeye, na kila mmoja yuko kwenye njia moja. Zinaitwaje?"

"Saba na nane, Bi," Kalmet alisema.

"Tutamfuta mmoja. Atakayebaki atarudi ndani ya nyumba hii. Hakuna namna ya tatu, msiniulize." Akamgeukia Evelin, na sauti yake ikalainika. "Mama, mimi simjui mtoto wako. Nikisikiliza nitabahatisha. Wewe ndiye uliyemzaa. Wewe utachagua."

"Nitamjua," Evelin akasema. "Nitamkosaje mwanangu?"

"Na nikuonye. Anayekwenda kufutwa atajua. Wenzetu hawa wakiona mlango unafungwa hujifanya watoto wa watu. Atalia. Atakuita. Usiitike, mama. Ukiitika tumempoteza binti."

Betri zikarudishwa. Kalmet akafungua njia ya saba.

Ilijaa chumba. Ilikuwa ile sauti ambayo Mataliu nzima iliijua tangu Leimara akiwa anaimba mbele ya kanisa na gauni la pasaka, safi, ya juu, na hata wanaume waliokuwa wamekaa ukutani kwa hofu walilegea mabega. Evelin machozi yakamtoka. Akaitikia kwa kichwa, akaweka mkono kifuani.

"Sasa ya nane."

Ilianza kwa mkwaruzo. Kisha mluzi wa koo, kisha kitu kilichotaka kuwa wimbo kikashindwa, kikajaribu tena noti ileile, kikapasuka, na kati ya kujaribu na kujaribu kulikuwa na kikohozi kikavu na kwikwi, na mmoja wa wapiga ukulele akainuka akatoka nje kutapika, na wengine wakaziba masikio, na kile kitu kiliendelea kujaribu noti ileile. Evelin nywele zilimsimama. Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Hiyo," akasema. "Hilo ndilo. Liondoeni."

"Una hakika, mama?"

"Liondoeni, nimesema!"

Bi Touku akaamuru bendi isimame. Wakasimama duara, wakaimba wimbo wa Navau wote kwa pamoja, kumpa mwenye wimbo njia ya kutokea, na katikati ya ubeti Kalmet akaweka kidole juu ya kitufe cha kufuta njia ya nane. Mashine iliuliza kama ana uhakika. Akabonyeza ndiyo.

Kile kitu kikaacha kuimba. Kisha, kwa koo lililochanika, polepole, kikasema, "Mama."

Evelin akafunga macho. Akajing'ata ulimi mpaka akaonja damu, hakuitika.

"Mama. Mama."

Taa ya nane ikazima. Na mkekani Leimara akakohoa, akageuza kichwa, akawatazama watu wote mle ndani, akatabasamu.

Sitaeleza furaha ile. Kengele ya kanisa iligongwa bila ruhusa ya mchungaji. Tarip alicheza na sanduku lake uwanjani mpaka uzi ukakatika, na Kalmet alilia hadharani akiomba msamaha kwa kila aliyempita. Mashine waliivunja kwa nyundo, wakaizika kando ya Navau pamoja na mzizi wa kava. Julai ilipofika walikwenda kwenye tamasha bila wimbo uliorekodiwa. Waamuzi walikuwa wawaondoe, lakini mmoja akasema waacheni waimbe hapo walipo. Leimara alifungua mdomo, na uwanja mzima ukanyamaza. Noumea walikwenda.

Evelin alibaki nyumbani akimshukuru Mungu. Binti yake aliporudi, alimpokea kwa tuluk, mkate wa muhogo wenye nyama ya nguruwe ndani, na binti alikuwa mcheshi, mchapakazi, anasalimia watu, hana deni la adabu kwa mtu. Ilimchukua Evelin muda kugundua kilichomkosesha usingizi. Leimara akija kutoka mtoni alisema, "Nimerudi." Akiwa na njaa alisema, "Kuna chakula?" Akitaka kitambaa alisema, "Kile kitambaa kiko wapi?" Kila neno lilikuwepo ila moja. Evelin akaanza kulisubiri. Alijifanya hasikii ili aitwe. Alijificha nyuma ya jiko. Binti alimtafuta kwa kutembea, kimya, mpaka akampata.

Ndipo siku moja, akikuna nazi, mkono ukamsimama. Alikuwa amekumbuka jambo dogo, la wazi, ambalo kila mtu mle chumbani alilijua na hakuna aliyelifikiria. Mwanawe alipochukuliwa hakuwa na sauti nzuri. Aliondoka koo limekauka, anakwaruza, ana mluzi kifuani. Ile sauti safi ilikuwa imeshamtoka siku nyingi. Aliyekuwa akijaribu noti ileile na kushindwa, akakohoa, akajaribu tena, alikuwa mgonjwa wake mwenyewe, yule aliyemkandia kifua kwa maji ya moto. Alimwita mara tatu. Na yeye akajing'ata ulimi.

Hakupiga kelele. Aliweka mbuzi ya nazi chini, akaenda mlangoni. Leimara alikuwa amekaa kwenye ngazi, anasuka nywele zake.

"Niite," Evelin akasema.

Binti akageuka. "Nini?"

"Niite. Siku zote hizi hujaniita. Nataka kusikia unavyoniita."

Leimara akamtazama kwa makini, bila ubaya wowote, mgeni anayependa kumfurahisha mwenyeji wake lakini hakuelezwa desturi za nyumba ile.

"Nikuite nani?" akauliza, kwa sauti nzuri ajabu.

Evelin akaitazama ile mikono, lile kovu la kisu cha viazi kwenye kidole gumba, zile nyayo alizoziogesha. Tumbo la binti likanguruma. Alikuwa hajala tangu asubuhi.

"Evelin," akasema. "Niite Evelin." Kisha akaingia jikoni kumpakulia chakula, kwa sababu mwili ule ulikuwa wa mwanawe, nao ulikuwa na njaa.